ULINZI WA NYUMBA: TAA ZA KITENGELA NA ASKARI ASIYELALA

Mlango wa Mswahili tangu jadi una walinzi wawili: komeo na neno "hodi". Komeo ni la mwizi, na hodi ni ya muungwana. Tulipokuwa chuoni, maalimu alitufunza kwamba mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa hugeuka akenda zake, wala hana haki ya kununa. Kwa mafunzo hayo mwenye nyumba alilindwa na adabu za watu kabla hajalindwa na mbao za mlango wake.

Leo, ndugu msomaji, mambo yamegeuka. Katika miji yetu inayokua kwa pupa, mlango wafika wewe hujaufikia. Kabla hujatamka hodi, kijitaa chekundu kimekwisha kukukonyeza, kamera imekwisha kukupiga picha, na mwenye nyumba aliye kazini Nairobi au safarini Dubai amekwisha kupata ujumbe katika simu yake kwamba yuko mtu langoni. Na huko nchi za watu mambo yamekwenda mbele zaidi, kwani maroboti yenye magurudumu huzunguka katika majumba na maduka usiku kucha yakitazama na kusikiliza, na kila yanapoona jambo hutoa habari.

Je, mashine hizi zaweza kutulinda? Na zikitulinda, zatulinda na nani, na kwa gharama ya nani? Maswali haya sikuyatafutia jawabu katika miji ya Ulaya. Niliyafuata Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kwa sababu huko ndiko mtoto mchungaji alikowafundisha wataalamu maana ya ulinzi.

MJI ULIOPAKANA NA SIMBA

Atokaye pwani kwa garimoshi la abiria linalosimama vituoni huweza kushuka Athi River, kisha akashika matatu ya barabara ya Namanga. Haupiti muda ila ameshafika Kitengela. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo wapita Isinya, kisha wafika mji wa Kajiado wenyewe, ambao jina lake lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto mrefu.

Mji wa Kitengela si wa jana, lakini ukubwa wake ni wa jana. Viwanda vilipoanza kujengwa Athi River katika eneo la bidhaa za kuuza nje, kuanzia miaka ya 1990, wafanyakazi walitafuta pa kulala. Mashamba ya jamii yalikuwa yamekwisha kugawanywa, kila mtu na hati yake, na wenye hati wakaanza kuuza. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 katika mji huu. Nilipita barabara zake nikaona alama za hofu pande zote: kuta za mawe, vigae vya chupa juu ya kuta, nyaya za umeme, maduka ya kamera, na mbwa wanaobweka nyuma ya malango ya chuma.

Lakini upande wa kaskazini wa mji huo ipo Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, yenye eneo la kilomita 117 za mraba. Mbuga hii imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa nne, wa kusini, mpaka wake ni mto tu. Mpaka huo uliachwa wazi kwa makusudi, ili nyumbu na pundamilia wapate kutoka wakati wa mvua kwenda malishoni katika nyanda za Athi na Kaputiei, kisha warejee kiangazi. Na anapokwenda pundamilia, simba hakai nyuma.

Basi hapo ndipo penye kitendawili. Mkazi wa mjini ajenga ukuta kumzuia mwizi. Ukuta ule humfungia pundamilia njia. Pundamilia akikosa kupita, simba hukosa windo. Naye simba mwenye njaa hapigi hodi, bali huingia zizini kwa Mmaasai aliyekuwapo kabla ya mji. Hivyo usalama wa mmoja umekuwa hatari ya mwingine, wala hakuna aliyekusudia ubaya.

MLINZI ALIYELALA

Kabla ya kuieleza taa ya Kitengela, yafaa tukumbuke kwamba vita baina ya simba na mlinzi ni vya zamani katika nchi hii. Mwaka 1898, wajenzi wa reli walipofika Tsavo, simba wawili waliwafanya kitoweo kwa miezi kadhaa. Wajenzi walizungushia mahema yao maboma ya miiba na kuwasha mioto. Simba wale walipenya. Mhandisi aliyekuwa akiwaongoza, Patterson, aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo, na ngozi zao zilizojazwa ziko hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Chicago.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Kima, mwezi wa Juni 1900. Ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikwenda kituoni hapo pamoja na wenziwe wawili ili kumvizia simba aliyekuwa akiwasumbua wafanyakazi. Walikaa ndani ya behewa. Ryall alishika zamu ya kwanza, wenziwe wakajilaza. Kwa masimulizi yaliyobaki, usingizi ulimchukua yule aliyekuwa macho, simba akaingia kwa mlango wa behewa, akamuua mlinzi na kumtoa nje kwa dirisha. Behewa hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, na kila apitaye aweza kulitazama.

Kisa hiki chatuonyesha asili ya tamaa ya mashine. Bunduki ilikuwapo, watu walikuwapo, nia ilikuwapo. Kilichokosekana ni jicho lisilofumba. Binadamu ana kikomo cha kukesha. Bawabu aliyefanya kazi ya mchana kutwa mahali pengine, akaja kukulindia usiku kwa mshahara mdogo, atalala tu, hata akiapa. Ndipo watu walipoanza kuota askari asiyelala, asiyekula wala kuomba ruhusa ya kwenda mazishini.

MTOTO NA TOCHI

Katika ukoo mmoja wa wafugaji kusini mwa mbuga hiyo alizaliwa Richard Turere. Kama ilivyo desturi ya watoto wa Kimaasai, alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake angali mdogo. Simba walikuja usiku wakaua mifugo, hata fahali pekee wa nyumbani kwao akaliwa. Mwenyewe alisimulia hadharani kwamba katika umri ule aliwachukia simba.

Akajaribu moto. Moto haukusaidia, aliona kwamba uliwafaa simba, kwa kuwa uliwaangazia zizi. Akajaribu sanamu la mtu, kama lile la kutishia ndege shambani. Usiku wa kwanza simba walikuja wakaliona, wakarudi. Usiku wa pili wakatambua kwamba kitu hiki hakiendi popote, wakaruka wakaua.

Kisha usiku mmoja akawa anazunguka zizi akiwa na tochi mkononi. Usiku huo simba hawakuja. Mtoto yule akafikiri, na fikira yake ndiyo iliyo kiini cha makala haya: simba hauogopi mwangaza uliotulia, huogopa mwangaza unaotembea. Taa iliyosimama ni taa tu. Taa inayotembea ina mtu nyuma yake.

Tangu awali alikuwa na mazoea ya kufungua vyombo vya umeme, na redio mpya ya mama yake haikusalimika. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, kifaa cha indiketa cha pikipiki kile kinachoifanya taa iwake na kuzima, swichi, na balbu za tochi zilizovunjika. Balbu akazitundika kuzunguka zizi zikielekea nje. Mchana jua lajaza betri. Usiku betri yapeleka umeme katika indiketa, na indiketa yazifanya balbu kumweka moja baada ya nyingine. Simba aliye gizani haoni balbu. Aona mtu anayezunguka zizi na tochi usiku kucha. Na mwenye zizi amelala kitandani.

Alikuwa na umri wa miaka 11. Jirani mmoja, bibi kizee aliyekuwa akiliwa mifugo, akamwomba amtilie taa hizo, naye akamtilia. Baadaye akazitia katika nyumba saba za majirani. Taa zikaitwa kwa Kiingereza Lion Lights, zikaigwa kwingineko Kenya na hata nchi za nje. Yule mtoto akapata nafasi ya masomo katika shule ya Brookhouse, mjini Nairobi, na mwezi wa Februari 2013 akasimama mbele ya mkutano wa TED huko California akaeleza kazi yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikamtunuku katika tuzo yake ya wavumbuzi vijana.

JICHO LA JOTO NA MASIKIO YA MBALI

Sasa tuvitazame vyombo vya mjini tuvilinganishe na kile cha zizini. Wataalamu wa lugha wametupa neno "kihisi", yaani chombo kinachohisi. Kihisi cha mlangoni ni sahili kabisa: kipande cha sumaku juu ya ubao wa mlango na kipande cha pili juu ya fremu. Mlango ukifunguliwa, sumaku hutengana na mwenziwe, na habari hupelekwa.

Kihisi cha pili ni kile cha joto. Kila mwili wenye uhai hutoa mnururisho wa joto ambao jicho haliuoni. Kihisi hiki kina kioo kilichokatwa vipande vipande, nacho hugawa uwanja kama mistari ya mkeka. Chenye joto kinapotoka mstari mmoja kwenda wa pili, umeme ulio ndani hubadilika, na kihisi hujua kwamba kuna kinachotembea. Tazama ajabu hii: mashine ya kiwandani na simba wa Kitengela wote wawili hawajali kitu kilichosimama, hujali kile kiendacho. Na kihisi hiki kina udhaifu wake. Jua likiwa kali hata joto la hewa likakaribia joto la mwili wa mtu, huanza kubabaika. Nasi wa Mombasa twaijua adhuhuri yetu ilivyo. Tena hakipambanui mwizi na paka. Kengele ikilia mara kumi kwa sababu ya paka, ya kumi na moja hakuna ainukaye, japokuwa hiyo ndiyo ya mwizi.

Vihisi hivi havihitaji nyaya, kwa kuwa hupeleka habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kisanduku kimoja ndani ya nyumba, nacho kisanduku hupiga simu. Roboti ndilo lililofuata. Hilo ni kihisi kilichotiwa miguu. Kwa kuwa kamera ya ukutani huona upande mmoja tu, watu walifikiri kuitia magurudumu izunguke, ijifunze ramani ya nyumba, na moto wa betri ukipungua irejee yenyewe mahali pa kujichaji.

Fikira ni nzuri, lakini dunia si sakafu ya marumaru. Mwezi wa Julai 2017, mjini Washington, roboti la ulinzi lililokuwa likizunguka katika majengo ya ofisi lilijitumbukiza katika dimbwi la chemchemi likazama. Watu walicheka dunia nzima. Nami nauliza: kama vidaraja vya Washington vilimshinda, udongo mweusi wa Kitengela katika masika utamfanya nini? Udongo huo hunasa hata gari la magurudumu manne. Tena kuna jambo la umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima kwa saa nyingi. Siku kama hiyo, ulinzi unaotegemea umeme wa gridi pekee huwa kama Ryall ndani ya behewa lake. Taa ya zizini, kwa kuwa hujichumia chakula chake juani, iliendelea na kazi.

NDEGE NYUKI

Ipo mashine iendayo iliyokwisha kufaa katika nchi zetu, nayo haina magurudumu, yaruka. Kwa Kiswahili twaiita ndege nyuki, na wengine husema droni. Katika nyanda za Mara, walinzi wa ndovu walianza kuzirusha ili kuwatazama ndovu kutoka juu. Wakagundua jambo wasilolitarajia: ndovu wakisikia mvumo wake hukimbia. Tangu hapo ndege hizo zimetumika kuwatoa ndovu mashambani bila ya kurusha risasi, Kenya na Tanzania pia.

Sisi watu wa lugha twapaswa kutabasamu hapa. Waliotunga jina la ndege nyuki walifasiri tu neno la Kiingereza, ambalo asili yake ni nyuki dume. Lakini ndovu, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, yeye pia husikia nyuki! Kwani imethibitishwa na watafiti hapa Kenya kwamba ndovu huwaogopa nyuki wa kweli, hata wakulima wengine huzungushia mashamba yao mizinga badala ya seng'enge.

Kadhalika vihisi visivyo na nyaya vimevishwa wanyama wenyewe. Mwaka 2008 magazeti ya ulimwengu yaliandika habari za ndovu mmoja wa Ol Pejeta, huko Laikipia, aliyeitwa Kimani. Alivishwa ukanda shingoni wenye kadi ya simu ndani yake. Kila alipokaribia mashamba ya watu, ukanda ulipeleka ujumbe kwa askari wa wanyamapori, nao wakaenda kumrudisha kabla hajavunja ua. Ndovu akawa yeye mwenyewe ndiye apigaye hodi! Simba kadhaa wa mbuga ya Nairobi nao wamewahi kuvishwa kanda za namna hiyo, ili ijulikane usiku wanapita wapi.

SIMBA NAYE HUJIFUNZA

Sitaki msomaji adhani kwamba taa zimemaliza tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliotazama mambo ya kuanzia 2007 hadi 2016 katika maboma yanayozunguka mbuga hiyo, ulionyesha kwamba penye taa mashambulio ya usiku yalipungua sana. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba mashambulio ya mchana yaliongezeka. Simba alipoona usiku una taa, alibadilisha saa zake za kazi. Ndiyo maana mvumbuzi mwenyewe hakukomea katika taa ile ya kwanza. Aliendelea kuitengeneza ili imweke kwa mitindo mbalimbali, simba asipate kuizoea.

Mzee mmoja wa rika langu, ambaye boma lake liko kusini ya mji, alinitembeza kuzunguka zizi lake lenye taa. Alinieleza kwamba hakuwafukuza mbwa wake alipotia taa, wala hakuuacha ua wake wa miiba. Kwa kubweka tu, asema, aweza kujua kama mbwa wameona fisi, simba au mtu. Akanieleza pia kwamba tangu watoto wote waende shule, na ni haki yao kwenda, ng'ombe wa mchana huachiwa mchungaji wa kuajiriwa, kijana asiyezijua njia za mnyama. Taa humlinda ng'ombe akiwa ndani. Akiwa nje humlinda mchungaji anayejua kazi. Hilo sikulisoma popote, nimelichukua kinywani mwake.

Na hatari iliyopo si ya ng'ombe peke yake. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela kwa mikuki baada ya kuingia katika zizi na kuua mbuzi. Mwezi wa Machi 2016 simba mmoja mashuhuri aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani, akafika Isinya, akazingirwa na umati wa watu. Alimjeruhi mtu mmoja, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa. Mwezi wa Mei 2023, katika upande wa Amboseli wa kaunti hii hii, simba kumi waliuawa kwa muda wa wiki moja. Mmoja wao alikuwa Loonkiito, mwenye umri wa miaka 19, katika simba wakongwe kabisa wanaojulikana, aliyeingia bomani kwa njaa. Sita waliuawa siku moja huko Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilikuta simba karibu 2,500 tu katika Kenya nzima. Kumi katika wiki moja si mchezo.

Wala simlaumu mwenye mbuzi. Mbuzi 11 ni karo, ni dawa, ni mahari. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia, na aliyeuawa na mnyama familia yake imeandikiwa shilingi milioni tano. Lakini fidia ni karatasi, na karatasi hutembea polepole kuliko njaa. Mtu aliyeamka akakuta damu zizini hangoji karatasi.

ULINZI NI UJIRANI

Kwa hiyo nini kilichofaulu? Nikiyapima yote niliyoyaeleza, naona kwamba chombo hufaulu kinapounganisha watu, na hushindwa kinapowatenganisha.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango Kitengela wa kuwalipa wenye ardhi dola nne kwa kila eka kwa mwaka ili wasiweke ua, wasiuze, na wawaache wanyama wapite. Pesa hizo hazikuwa nyingi, na bei ya kiwanja ilikuwa ikipanda kila uchao, lakini zilimfanya mfugaji aonekane kuwa mshirika. Huko Amboseli, tangu mwaka 2007, chama cha Lion Guardians kimewaajiri vijana wa Kimaasai, baadhi yao wakiwa ni wale wale waliokuwa wakiwawinda simba kwa fahari katika mwindo uitwao olamayio. Vijana hao husikiliza mawimbi ya redio kutoka shingoni mwa simba na kusoma nyayo zake mchangani. Wakishajua alipo, huwahi kuwaonya wachungaji wasipeleke mifugo upande huo. Huyo ndiye mlinzi aendaye ninayemkubali: ana chombo mkononi, ana miguu isiyonaswa na tope, na majirani wamjua kwa jina.

Ama kamera na kuta za mjini, hizo nazo zina kazi yake, wala sisemi ziondolewe. Lakini kila mwenye kamera na ajiulize inatazama wapi. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, na kwetu sisi hapana haja ya kungoja sheria. Kuchungulia uani kwa jirani kulikuwa ni aibu kabla ya umeme kuvumbuliwa. Hakukuwa halali kwa sababu mchunguliaji ni mashine. Na huyo mwenye kamera kumi asiyejua jina la jirani yake, kengele yake ikilia usiku wa manane, ni nani atakayetoka kumsaidia? Simu itampa picha nzuri ya mwizi. Picha haishiki mwizi.

Nashauri basi mambo matatu. Kwanza, wazee wa miji hii na wakuu wa kaunti wakae na wafugaji wakubaliane njia za wanyama zibaki wapi kabla kiwanja cha mwisho hakijauzwa, maana kuta zikishakutana hapana taa itakayosaidia. Pili, shule zetu za ufundi ziwafunze vijana kutengeneza na kukarabati taa na vihisi kwa vifaa vinavyopatikana sokoni, ili chombo kikiharibika kisitupwe. Kile cha Turere kilitoka katika betri kuukuu na indiketa ya pikipiki, na fundi yeyote wa Kajiado aweza kukifungua akakifahamu. Tatu, anayenunua chombo cha ulinzi anunue na cha jirani yake asiyejiweza, au wachangiane, kwa kuwa simba aliyefukuzwa na taa za boma moja huenda boma la pili lisilo na taa, na mwizi naye ana tabia hiyo hiyo.

Yule mtoto wa kichungaji aliyajua haya bila ya kuambiwa. Bibi kizee alipomwomba, hakumwambia anunue yake. Alikwenda akamfungia taa.